Mwiba Usio na Jina

Jumapili ya 14 ya Mwaka B
Masomo: Eze 2:2-5, 2 Kor 12:7-10, Mk 6:1-6



Mwezi wa Julai huku Mbinga ni mwezi wa baridi na wa kahawa. Asubuhi ukungu hufunika milima ya Umatengo, nao watu hutoka na vikapu kwenda kuchuma hali vidole vimekufa ganzi. Kule chini, tangu Lituhi na Liuli hata Mbamba Bay, upepo wa kusini hulichafua ziwa, na wavuvi huvuta nyavu wakiwa wamelowa hadi kifuani. Ni majira ambayo mwili husema. Kila padre azungukaye vigangoni anajua: baada ya Misa watu humsogelea mmoja mmoja, na kila mmoja ana mahali pake pa kuonyesha kwa mkono. Huyu kiunoni, huyu begani, huyu tumboni. Na mara nyingi huongeza neno moja: "Padre, wamepima, hawaoni kitu."

Juu ya neno hilo nataka kusema nanyi leo: juu ya mtu aumwaye mwaka hata mwaka, asiyeweza kuambiwa anaumwa nini.

Nitawasimulia habari za mama mmoja. Sitamtaja jina wala kigango chake, naye ameniruhusu kusimulia. Alikuwa mchimbaji hodari wa ngoro. Ninyi wa milimani mwaijua ngoro. Kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali nieleze kwamba ni mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha wanawake huinama kutwa nzima wakizifunika kwa udongo unaochimbwa katikati. Basi mama huyu alianza kuumwa mgongo. Mwanzoni alidhani ni uchovu wa kulima. Ulipita mwezi, ukapita mwaka, ikafika miaka sita. Alikwenda zahanati, akaenda kituo cha afya, akaenda hospitali, na kutoka hapo akapelekwa mbali zaidi. Kahawa ya misimu miwili iliishia njiani, na nguruwe wawili pia. Alirudi na bahasha kubwa ya picha za eksirei na maneno yaleyale: hatuoni kitu.

Ndugu zangu, maumivu yasiyo na jina huwa na maumivu mengine juu yake. Aliyevunjika mguu huletewa uji na pole. Mwenye malaria hufunikwa blanketi. Lakini aumwaye bila jina hutazamwa. Mama huyu alisikia sauti tatu, na kila sauti ilijidai kujua.

Sauti ya kwanza ilitoka kwa ndugu wa mumewe: "Haumwi huyu, ni uvivu. Mbona kanisani anafika?"

Sauti ya pili, naona haya kuisema, ilikuwa yangu. Alinijia baada ya Misa, nami nilikuwa nimeshika ufunguo wa pikipiki, kigango kingine kikinisubiri. Nikamwambia kwamba pengine kuna mtu hajamsamehe. Asali novena, asamehe kwa moyo wote, naye ataona nafuu. Akaitika, "Asante, Baba," akaondoka taratibu akijishika kiuno. Sikumwuliza hata swali moja. Nilimpa sababu kwa kuwa sikutaka kuonekana sina la kusema.

Sauti ya tatu ilikuwa ya mpiga ramli. Huyo alipewa fedha, akatazama, akamtaja mtu: bibi mjane, mzee, jirani ambaye shamba lake limepakana na la mama huyu. Haukupita mwezi, jumuiya ikaacha kusali nyumbani kwa bibi yule. Watoto wakakatazwa kumchotea maji. Usiku mmoja mawe yakatupwa juu ya bati lake.

Tumwache bibi huyo kwa kitambo ndani ya nyumba yake, amefunga mlango, tulisikilize somo la pili la leo.

Mtakatifu Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba amepewa mwiba mwilini. Alimwomba Bwana mara tatu umtoke. Haukutoka. Alichopewa ni ahadi kwamba neema ya Mungu yamtosha, na kwamba uwezo wa Mungu hutimilika pale alipo dhaifu.

Mwiba huo ulikuwa nini? Hapo ndipo penye jambo la ajabu. Kwa karibu miaka elfu mbili wataalamu wa Maandiko wameutafuta. Tertuliano, mwandishi wa kale wa Afrika ya Kaskazini, alitaja maumivu ya kichwa au ya sikio. Mtakatifu Yohane Krisostomo alidhani ni watu walioipinga kazi ya Mtume. Wengine wakasema ni macho, wengine kifafa. William Ramsay, msomi wa Uskoti, alidhani ni homa ya malaria, ambayo sisi wa kando ya ziwa twaijua sana. Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Paulo aliandika habari za safari zake, za mapigo aliyopigwa, za meli zilizozama naye akiwamo. Lakini jina la mwiba wake hakuliandika. Na Luka, yule tabibu mpendwa, alikuwa miongoni mwa wenzake. Hatusomi mahali popote kwamba aliuondoa.

Tazameni basi: barua hiyo imehifadhiwa na Kanisa na kusomwa katika Misa, na ndani yake mna mgonjwa asiye na cheti. Paulo hakuhitaji kwanza jina la mwiba wake ili aaminiwe kwamba unachoma. Hakuhitaji kwanza kupona ili awe Mtume.

Sasa niseme kidogo juu ya elimu ya tiba, kwa maana imani ya kweli haiogopi elimu ya kweli. Waganga wa hospitali huyaita maumivu yanayozidi miezi mitatu kuwa maumivu sugu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba katika kila wagonjwa 10 wa namna hiyo, takriban 9 hawaonekani na ugonjwa mmoja au jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa ndilo sababu. Tena, picha ya mgongo si picha ya maumivu. Wapo watu wengi wasioumwa kabisa ambao picha zao zaonyesha mifupa na gegedu zilizochakaa; na wapo waumwao sana ambao picha zao ni safi.

Yawezekanaje? Fikirini mbwa mlinzi wa nyumbani. Mwizi akija, hubweka, na ni vema abweke. Lakini yuko mbwa ambaye, baada ya kuingiliwa usiku mmoja, hubweka kila usiku: jani likianguka, abweka, mwenye nyumba akikohoa, abweka. Ukitoka na taa huoni mwizi. Je, utasema mbwa habweki? Ndivyo ilivyo mishipa ya fahamu na ubongo wa mtu: yaweza kuendelea kupiga kelele ya hatari hata baada ya jeraha kupona. Kelele hiyo ni ya kweli, na mtu anaumia kweli. Ndiyo sababu mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipoandika upya maana ya maumivu, kilieleza kwamba neno la mtu anayesema anaumwa yapasa liheshimiwe. Na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inakubali kwamba maumivu sugu yaweza kuwa ugonjwa wenyewe, wala si dalili ya ugonjwa mwingine tu.

Kwa hiyo daktari asemapo, "Hatuoni kitu," maana yake si, "Huna kitu." Maana yake ni kwamba macho na vyombo vyetu, hadi leo, havijaona. Hayo ni maneno mawili tofauti, na nyumba nyingi zimevunjika kwa kuyachanganya.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba asiyejua aache kutafuta. Yako magonjwa yanayojificha kwa muda mrefu nayo yanatibika au kutunzika. Kifua kikuu huweza kukaa katika uti wa mgongo bila kikohozi. Kichocho, ambacho wa kando ya ziwa wanakipata majini, huweza kuumiza tumbo kwa miaka. Selimundu huumiza mifupa ya mtoto, na wazazi huambiwa anadeka. Basi mwenye maumivu akipungua mwili bila sababu, akitokwa jasho la homa usiku, miguu ikimlegea au kufa ganzi, akishindwa kuzuia haja, asingoje Jumapili. Arudi hospitali siku hiyo hiyo. Kutojua kwa leo si kutojua kwa milele.

Shida iko wapi? Iko katika ile nafasi tupu iliyo kati ya maumivu na jina lake. Mwanadamu haivumilii nafasi hiyo. Huona afadhali uongo ulio kamili kuliko ukweli ulio nusu. Kwa hiyo huijaza.

Tumeijaza hivyo mara nyingi. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, watu wengi, hata wa kusini mwa Tanganyika, walivuka mpaka kwenda kwa mganga Chikanga, kaskazini mwa Nyasaland, ili aonyeshe nani ni mchawi. Mwaka 2011 nchi yetu yote ilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Siwacheki waliokwenda. Walikuwa wagonjwa wa miaka mingi, waliochoka kuambiwa "rudi mwezi ujao". Lakini wako walioacha dawa zao kwa sababu ya kikombe, na wako waliokufa wakiwa kwenye foleni. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimwagika. Kanisa nalo, katika Katekisimu, lakataza kila namna ya ramli. Ni dhambi dhidi ya Mungu, na tena ramli humtafutia mgonjwa adui mahali pa kumtafutia msaada.

Wala tusidhani kwamba hatari iko kwa mpiga ramli peke yake. Ayubu alikuwa na marafiki wacha Mungu. Siku saba mchana na usiku waliketi naye chini wasiseme neno, na hilo ndilo lililokuwa tendo lao jema. Walipofungua kinywa wakamweleza sababu ya mateso yake, wakisema lazima kuna dhambi. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia hao, waliokuwa na majibu yote. Ayubu, aliyelia na kuuliza, hakukemewa hivyo. Mimi niliyeshika ufunguo wa pikipiki nilikuwa miongoni mwa marafiki hao.

Sasa tutazame Injili. Yesu anafika kwao Nazareti, na watu wanashangaa: huyu twamjua, ni seremala, twamjua mama yake na ndugu zake. Mwinjili asema hakuweza kufanya mwujiza huko, ila aliwawekea mikono wagonjwa wachache, akawaponya. Naye alistaajabu kwa kutokuamini kwao.

Wapo wanaoitumia Injili hii kumpigia mgonjwa asiyepona. Humwambia, "Ungekuwa na imani, ungalikwisha pona." Ndugu zangu, someni tena. Wasioamini wa Nazareti ni akina nani? Si wagonjwa. Wagonjwa wachache waliwekewa mikono. Waliokosa imani ni wale wazima, majirani, waliodhani wanajua kila kitu. Kilichoufunga mlango wa Nazareti ni yakini ya uongo: "twamjua huyu." Ndilo neno lilelile: "twamjua huyu, ni mvivu", "twamjua bibi yule, ni mchawi."

Nirudi basi kwa bibi yetu aliyefunga mlango. Siku moja, baada ya usiku wa mawe, mama yule mwenye mgongo alichukua kibakuli cha maharage. Kutoka kwake hadi kwa bibi si mbali, lakini alipumzika njiani mara mbili. Akabisha hodi. Bibi hakufungua upesi, kwa hofu. Alipofungua, mama akampa maharage akasema, "Bibi, mimi sijui naumwa nini. Lakini najua si wewe."

Aliyenisimulia ni katekista, aliyekuwa akipita njiani. Alisema wale wawili walikaa kizingitini wakilia, na kwamba yeye mwenyewe alishindwa kuendelea na safari. Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa bibi yule, na mama mwenye mgongo aliongoza Rozari akiwa amesimama, kwa kuwa kuketi kunamwumiza. Nami nilikwenda kumwomba radhi. Akanijibu, "Baba, ningefurahi kama ungeniambia tu kwamba hujui, ukakaa kidogo."

Wapendwa, katika miaka yangu yote ya seminari kuu sikufundishwa neno zito kuliko hilo: kusema "sijui", na kukaa kidogo.

Tufanye nini basi? Nitasema machache, hasa kwa ajili ya makatekista na viongozi wa jumuiya.

Wewe unayeumwa: usione haya. Tunza daftari na vyeti vyako. Andika au mwombe mtoto akuandikie: yauma wapi, lini, nini huzidisha, nini hupunguza. Ukifika kwa daktari, uliza mambo matatu: Ni magonjwa gani mmekwisha hakikisha siyo? Ni dalili zipi zikitokea nirudi mara moja? Na wakati tunangoja, nifanye nini ili niishi? Kwa wengi wenye mgongo wa namna hii, kutembea na kazi nyepesi husaidia kuliko kulala mchana kutwa. Jihadhari na vidonge vya maumivu vya dukani unavyomeza mwezi baada ya mwezi bila ushauri. Baadhi yake huchimba tumbo na kudhuru figo.

Ninyi wa nyumba moja naye: mwaminini. Kuna siku atacheka, na kuna siku hatainuka. Siku ya kucheka haimaanishi kwamba siku ya kulala alidanganya. Gawaneni jembe. Hakuna amri ya Mungu isemayo kwamba mwanamume asifunike ngoro.

Ninyi wa jumuiya ndogo ndogo: mkimtembelea msianze na, "Wamekugundua nini?" Swali hilo ameulizwa mara mia, na kila mara hujibu kwa aibu. Ulizeni, "Umeamkaje leo? Tukusaidie nini?" Mchoteeni maji. Mchumieni debe moja la kahawa. Na jina la jirani likitajwa katika nyumba ya mgonjwa, katekista asinyamaze. Kunyamaza kwake kutahesabiwa kuwa ushahidi.

Na sisi mapadre: tukumbuke, na tuwakumbushe waamini, kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Mwenye ugonjwa mzito wa muda mrefu aweza kuupokea, na hali yake ikizidi aweza kuupokea tena. Sakramenti hiyo haiulizi jina la ugonjwa. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya tarehe 11 Februari 1984 juu ya mateso ya mwanadamu, alitukumbusha Msamaria mwema, ambaye ni yule anayesimama kando ya anayeteseka. Twajua kwamba Msamaria hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ile.

Nimalizie huku tulikoanzia, mteremkoni. Wazee wetu wa Umatengo walipewa milima mikali, na mvua ingeweza kuusomba udongo wote mpaka bondeni. Hawakuweza kuusawazisha mlima. Walichimba ngoro. Ngoro haiondoi mteremko. Mteremko uko palepale. Lakini maji yakija hutulia shimoni, na udongo hausombwi, na nyasi zilizofunikwa huoza gizani zikawa chakula cha maharage na mahindi. Neema aliyoahidiwa Paulo naielewa hivyo. Mwiba ulibaki, lakini Paulo hakusombwa. Na jumuiya inayokaa na mgonjwa pasipo kumdanganya ni ngoro iliyochimbwa kandokando ya maisha yake.

Mama yule bado anaumwa. Juzi juzi nilimpitia. Hajapata jina la ugonjwa wake. Alikuwa uani anaanika kahawa, amesimama, na aliyeketi kando yake akichambua punje mbovu ni bibi yule.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewawekea mikono wagonjwa wachache wa Nazareti, uwawekee mikono wote wanaokusikiliza sasa wakiwa kitandani. Uwape waganga bidii ya kutafuta na unyofu wa kusema wasichokijua. Utulinde tusimpe mgonjwa uongo badala ya pole. Na pale ambapo jina la mwiba halijulikani, jina lake yeye aumwaye lijulikane kwetu, kama linavyojulikana kwako. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.